Rizoti ya unaturisti kwa mara ya kwanza: mwongozo kwa wawili

Watu wawili wanapoanza kuzungumzia likizo ya ufukweni bila nguo, mazungumzo huangukia mwili kwanza. Tumbo limelegea, kovu la upasuaji lipo, matiti hayako kama zamani, uume utaonekana mdogo. Naielewa hofu hiyo na nitaigusa tena. Ila wanandoa niliowaona wakirudi wameudhika, wengi wao chanzo hakikuwa mwili. Mmoja alikuwa amekubali kwa shingo upande, na mwenzake akajifanya hakuona.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja inayotangulia zote: kati yenu wawili, anayesita zaidi ndiye anayepanga mwendo. Mengine yote, kuanzia kuchagua rizoti hadi kuvua chupi ufukweni, yanafuata hapo.

Hatua ya 1: Zungumzeni mapema, mkiwa nyumbani

Fanyeni mazungumzo haya kabla hamjalipa hata chumba. Mtu akishajua kwamba pesa imetoka, huona haya kusema hapana, na ile ndiyo yake inakuwa haina uzito.

Semeni mambo yenyewe kwa majina yake. Utajisikiaje mwenzako akionekana na watu wengine? Utajisikiaje yeye akiwaona wengine? Wivu upo, na kuukana hakuuondoi. Ni afadhali mke aseme wazi, "Nitakuwa nakuangalia unamwangalia nani," mume ajibu kwa ukweli, kuliko wote wawili wakae kimya hadi siku ya safari. Ulizaneni pia: tukikutana na mtu tunayemfahamu tutafanyaje? Nani nyumbani ataambiwa tulikokwenda, na nani asiambiwe? Mmoja wetu akiamua kubaki na vazi la kuogelea siku nzima, je, mwingine atavua au naye atabaki amevaa? Mtu mwingine akianzisha mazungumzo nasi, tuko tayari kuzungumza au tunataka kukaa peke yetu?

Kisha wekeni neno la siri. Liwe neno la kawaida ambalo mnaweza kulisema mbele ya watu bila mtu kushtuka, kwa mfano, "Mpenzi, nipe kikoi." Likitamkwa, wote wawili mnaondoka hapo mlipo. Hakuna kuuliza kwa nini, hakuna kununa, na maelezo yanasubiri mpaka mfike chumbani. Mwenye wasiwasi akijua mlango wa kutokea uko wazi, mara nyingi ndiye huyo huyo anayekaa muda mrefu zaidi.

Ikiwa baada ya mazungumzo mmoja bado hataki, acheni. Zipo fukwe nyingine.

Hatua ya 2: Chagueni mahali panapowafaa

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu maeneo yanayoruhusu utupu hayafanani hata kidogo.

Kundi la kwanza ni rizoti za unaturisti halisi. Shirikisho la Kimataifa la Wanaturisti, lililoundwa mwaka 1953 huko Montalivet, Ufaransa, liliweka maana ya unaturisti mwaka 1974: kuishi kwa kupatana na maumbile, watu wakiwa uchi pamoja, kwa nia ya kukuza kujiheshimu, kuheshimu wengine na kuyaheshimu mazingira. Maana hiyo ina kazi hadi leo, maana sheria karibu zote mtakazozikuta getini zimetoka humo. Katika rizoti hizi utupu hauna uhusiano na ngono. Wazee wapo, familia zenye watoto zipo, na mtu akifanya vitendo vya kimapenzi hadharani hufukuzwa. Bwawani mara nyingi ni lazima uwe uchi, vazi la kuogelea haliruhusiwi.

Kundi la pili ni la mavazi kwa hiari. Anayetaka kuvua avue, anayetaka kubaki na nguo abaki. Kwa wanandoa ambao mmoja anasita, mimi hupendekeza kundi hili bila kufikiri mara mbili, kwa sababu hakuna anayelazimika kuamua siku ya kwanza.

Kundi la tatu ni rizoti za watu wazima tu ambamo utupu unaambatana na sherehe za kimapenzi na hata kubadilishana wapenzi. Kwenda huko ni hiari ya watu wazima, lakini ni safari nyingine kabisa. Tatizo hutokea wawili wanapojikuta huko wakidhani wamekuja kuota jua. Someni maelezo ya rizoti kwa makini. Yakisema "familia" au yakitaja uanachama wa shirikisho la wanaturisti, mko kundi la kwanza. Yakisema "watu wazima tu", "wanandoa tu", "maisha huru", tena yakisifu usiku kuliko mchana, ulizeni kabla ya kulipa.

Mahali pamoja panaweza kuwa na sura mbili. Kijiji cha wanaturisti cha Cap d'Agde, kusini mwa Ufaransa, ndicho mfano mashuhuri. Ni kama mji kamili wenye maduka, benki na migahawa, ambamo mtu hupita barabarani bila nguo akiwa amebeba mkate wake, na katika kilele cha majira ya joto hupokea makumi ya maelfu ya watu. Mchana utakuta familia za wanaturisti wa miaka mingi. Usiku, vilabu vya watu wanaobadilishana wapenzi hufunguliwa. Kwa mara ya kwanza mimi nisingewapeleka huko. Kuna palipo na utulivu zaidi: Montalivet yenyewe, kwenye pwani ya Atlantiki, ambapo kituo cha wanaturisti kilifunguliwa mwaka 1950, Koversada karibu na Vrsar, Kroatia, iliyofunguliwa mwaka 1961, na Vera Playa katika mkoa wa Almería, Hispania, ambako mtaa wa wanaturisti na hoteli yake viko kando ya ufukwe. Mkiona herufi FKK kwenye vibao vya Kroatia au Ujerumani, mjue mmefika eneo la utupu. Ni kifupi cha Kijerumani kilichoenea kwenye fukwe za Ulaya.

Kabla ya kuweka nafasi, waandikieni mapokezi maswali haya: Je, utupu ni lazima au ni hiari, na ni sehemu zipi? Mnahitaji kadi ya uanachama ya shirikisho? Mnauza tiketi ya siku moja? Simu na kamera zina masharti gani? Mnavaaje wakati wa chakula? Majibu yenyewe yatawaambia mengi. Mapokezi yanayojibu kwa upole na kwa undani, hata swali dogo, ni ya mahali palipozoea wageni wapya.

Tiketi ya siku moja ni jambo jema sana kama ipo. Lipieni chumba katika hoteli ya kawaida iliyo jirani, mwingie siku moja, muonje, mtoke. Epukeni pia kilele cha msimu. Katika fukwe za Mediterania, Juni na Septemba bahari inaogeleka na msongamano ni mdogo kuliko Agosti.

Na sheria. Katika nchi nyingi kuwa uchi hadharani ni kosa, na hata nchi zinazoruhusu huweka mipaka ya eneo. Ruhusa ya rizoti inaishia kwenye uzio wake au kwenye kibao cha mwisho ufukweni. Ukivuka kibao hicho bila nguo, unaweza kukamatwa, na kueleza kwamba wewe ni mgeni hakutakusaidia sana.

Hatua ya 3: Fungasheni

Begi litakuwa jepesi, lakini vitu fulani vikikosekana siku itaharibika.

Taulo ndiyo ya kwanza. Kila mmoja awe na mbili: moja ya kukalia, moja ya kujifutia. Zisibadilishane kazi. Kikoi au kanga ni rafiki mkubwa wa mgeni, kwani hujifunga kiunoni kwa sekunde mbili, hufunguka kwa sekunde moja, na hakuna anayekuuliza kwa nini umejifunga. Chukueni kofia pana, miwani ya jua, na ndara zinazoshika mguu vizuri kwa sababu mchanga wa saa saba mchana huchoma.

Kuna jambo ambalo mgeni halifikirii hadi anapovua suruali: hana tena mfuko. Ufunguo wa chumba, pesa kidogo, dawa, vyote vinahitaji pa kukaa. Pochi ndogo isiyopitisha maji, ya kuvaa shingoni au kiunoni, inatosha.

Bebeni pia nguo nzuri za jioni na sweta. Rizoti nyingi hutaka wageni wavae wakati wa chakula cha usiku, na upepo wa bahari ukianza hakuna mwanaturisti anayebaki uchi kwa ubishi.

Kuhusu kunyoa: hakuna sharti lolote. Wapo wenye nywele na wasio nazo, na hakuna anayehesabu. Ukiamua kunyoa, fanya hivyo siku mbili kabla, maana ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe ikikutana na chumvi na jua huwasha vibaya mno.

Hatua ya 4: Zoeeni ninyi wenyewe kwanza

Wanandoa wengi huonana uchi gizani au wakati wa tendo tu. Basi kaeni nyumbani bila nguo mkifanya mambo ya kawaida: kunywa chai, kusoma, kukunja nguo zilizokauka. Jioni kadhaa zinatosha. Mtagundua mwili wa mwenzako unaacha kuwa mwaliko na unakuwa tu mwili wake, na hilo ndilo mtakalolihitaji mkifika.

Hatua ya 5: Kufika

Mnafika mmevaa. Mapokezi huwa na wafanyakazi waliovaa, fomu za kawaida na kukaguliwa pasipoti. Waambieni ni mara yenu ya kwanza. Msione haya kulisema, kwani mara nyingi mtatembezwa eneo zima na kuonyeshwa wapi ni lazima kuvua na wapi ni hiari. Wanaume wengine hushangaa kuona rizoti kadhaa zinawawekea masharti wanaume wanaokuja peke yao. Sababu ni kulinda wanawake na watoto waliomo, na mkiwa wawili hilo haliwahusu.

Msikimbilie ufukweni. Wekeni mizigo, ogeni, mnywe maji. Kisha tembeeni kama dakika ishirini mkiwa mmejifunga vikoi, mtazame mahali palivyo. Dakika hizo ishirini zina faida kubwa: macho yanamaliza mshangao wao kabla mwili haujahusika. Mtaona mzee mwenye kovu refu la upasuaji wa moyo akicheza tufe. Mtaona mwanamke aliyeondolewa titi akisoma kitabu. Mtaona matumbo ya kila namna, michirizi, magoti yaliyovimba, na hakuna anayejificha. Pale ndipo ile hofu ya mwili niliyoitaja mwanzo huanza kulegea, na hakuna maneno yangu yanayoweza kufanya kazi ya dakika hizo.

Hatua ya 6: Kuvua

Chagueni sehemu pembeni, si katikati ya watu na si mbali sana hadi mkaonekana mnajificha. Tandazeni taulo. Kaeni kwanza. Pakaneni losheni ya kujikinga na jua mgongoni na mabegani. Kazi hiyo inaipa mikono shughuli na inapunguza pumzi za haraka.

Anayesita asisubiriwe kwa macho. Mwenye ujasiri akivua, avue kwa utulivu kama anayeingia bafuni, akunje nguo zake, aziweke kwenye begi, alale kifudifudi aendelee na mambo yake. Asimgeukie mwenzake na kuuliza, "Vipi, na wewe?" Swali hilo, hata likiulizwa kwa mapenzi, ni msukumo. Mwenzake anaweza kuanza na juu tu, akakaa hivyo saa nzima. Anaweza kuvua yote akabaki na kikoi mapajani. Anaweza asivue kabisa siku hiyo, kama mahali ni pa hiari, na siku ikawa nzuri vilevile.

Dakika za kwanza mikono haijui pa kwenda. Unajikuta umeikunja mbele, unavuta tumbo ndani, unahisi ufukwe mzima unakuangalia. Dawa ninayoiamini ni maji. Simameni pamoja, mshikane mikono kama mmezoea, mtembee hadi baharini. Huo mwendo wa kutoka kwenye taulo hadi kwenye wimbi ndio mgumu kuliko yote. Maji yakishafika kiunoni, mtu husahau. Kuogelea bila kitambaa kinachong'ang'ania mwili ni raha ambayo wengi huitaja kwanza wanapoulizwa walipenda nini. Mkirudi kwenye taulo mtakuta hakuna aliyegeuza shingo.

Hatua ya 7: Adabu za mahali

Keti juu ya taulo yako kila mahali, iwe kiti cha mgahawa, benchi au kitanda cha kuotea jua. Ni usafi, na ndiyo kanuni ambayo mgeni akiisahau huonekana mara moja. Oga kabla ya kuingia bwawani.

Macho yana ruhusa ya kuona, hayana ruhusa ya kukodoa. Unapozungumza na mtu, mtazame usoni kama ungefanya akiwa amevaa. Miwani ya jua haifichi mengi kama watu wanavyodhani.

Usipige picha. Hata ya mwenzako, hata ya mawimbi, kama kuna mtu mwingine nyuma. Baadhi ya rizoti hubandika stika kwenye lenzi ya simu mkiingia, na zisipofanya hivyo iacheni simu chumbani. Mtu aliye uchi kando yako anaweza kuwa mwalimu, jaji au mchungaji, na amekuja hapo akiamini kwamba siri yake iko salama. Kwa sababu hiyo hiyo wengi hujitambulisha kwa jina la kwanza tu. Usiulize jina la ukoo wala mahali pa kazi kama mwenyewe hajataja.

Kukumbatiana kwa muda mfupi, kushikana mikono, kubusiana kidogo, hayo hayamsumbui mtu. Yanayozidi hapo yana chumba chenu.

Wanaume huniuliza kuhusu kusimamisha, na wengine hawaendi kabisa kwa hofu hiyo. Hutokea mara chache kuliko wanavyofikiri, kwa kuwa wasiwasi, jua na maji baridi haviupi mwili nafasi. Ikitokea, lala kifudifudi, jifunike taulo au ingia majini, na uache ipite. Hakuna atakayesema neno. Kosa ni kuionyesha.

Mwanamke aliye kwenye siku zake hana haja ya kuahirisha safari. Tamponi au kikombe cha hedhi vinatosha, uzi wa tamponi unaweza kufichwa ndani, na hata mahali ambapo utupu ni lazima kwa kawaida hakuna anayemsumbua mwanamke aliyevaa chupi siku hizo.

Mtu akiwasogelea kwa nia nyingine, semeni hapana mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila tabasamu la kubembeleza. Akirudia, nendeni mapokezi. Rizoti nzuri huchukua hatua siku hiyo hiyo, na mnaporipoti mnawasaidia pia wageni watakaofuata.

Hatua ya 8: Jua

Ngozi ambayo haijawahi kuona jua huungua haraka ajabu, na maumivu ya makalio au chuchu zilizoungua humaliza likizo. Tumieni losheni yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi. Ya 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji kama mililita 30, kiasi ambacho wengi hawakifikii. Pakeni dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, mrudie kila baada ya saa mbili na kila mnapotoka majini. Msisahau chini ya matiti, makunjo ya mapaja, nyayo kwa juu na, kwa mwanamume, uume na korodani kwa nje. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi ya asili lakini nayo huungua. Siku ya kwanza kaeni kivulini kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri.

Hatua ya 9: Jioni ya kwanza

Mkishaoga na kuvaa, zungumzeni kabla usingizi haujawachukua. Anayesita aanze. Amwambie mwenzake kilichomfurahisha na kilichomkera, hata kama ni kidogo: yule bwana aliyekaa karibu mno, namna ulivyocheka na yule dada, wakati uliponiacha peke yangu kwenye foleni. Mwingine asikilize asijitetee. Mambo kama hayo yakisemwa jioni ile ile huisha. Yakifichwa huja kusemwa miezi baadaye, tena katikati ya ugomvi mwingine.

Kisha amueni kuhusu kesho, na kesho tu. Labda mtarudi pale pale asubuhi mapema, watu wakiwa wachache. Labda mtatembea mjini mkiwa mmevaa, mrudi ufukweni alasiri. Kama mmoja ameona imetosha, ulizeni mapokezi kama mnaweza kupunguza siku zilizobaki au kuhamia sehemu ya mavazi kwa hiari. Asubuhi ya kuondoka, vaeni chumbani kabla ya kupakia gari, na kagueni begi lililokuwa ufukweni, kwa sababu nguo za ndani zilizokunjwa siku ya kwanza ndizo zinazosahaulika zaidi.